Chupa Tatu za Mama Owor

Muhula uliopita mahindi niliyoiuzia shule moja hapa Busia, upande wa Kenya, yaliota ukungu stoo. Nilikuwa nimewaapia kwamba yamekauka, kwa sababu niliuma punje nikasikia zinalia kama kavu. Watoto wakakosa githeri yao ya mahindi na maharagwe wiki nzima, nami nikawa napita vichochoroni kwa aibu. Mwishowe shule ikanipa nafasi moja tu ya kujaribu tena. Ndiyo maana nilifunga safari kwenda Paya, ng'ambo Uganda, kujifunza kwa Mama Owor, mkulima ambaye wachuuzi wenzangu humsifu kwamba mahindi yake hayaharibiki.

Saa moja asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu, mahindi kidogo ya msimu huu, yale niliyotaka kuiuzia shule, yakiwa mkobani. Gari likanifikisha Tororo, kisha nikapanda pikipiki ya boda hadi Paya, matope mpaka magotini.

Saa tano Mama Owor alinikaribisha kwa chai na muhogo. Nikauma punje mbele yake kumwonyesha ujuzi wangu. Akacheka.

"Dada, hiyo meno yako inataka kuuza."

Iliniuma, maana alisema kweli.

Akaleta chupa tatu kavu za kioo. Ya kwanza akatia mahindi yangu na chumvi. Ya pili, mahindi yake ya msimu uliopita na chumvi. Ya tatu akatia chumvi peke yake. Nikamuuliza hiyo ni ya nini.

"Chumvi ikishika kioo, mahindi iko na maji. Lakini jana mvua ilinyesha. Kama chumvi yenyewe iko na maji, itasingizia mahindi bure. Mwaka ingine nilirudisha mahindi nzuri kwa jua, kumbe kosa ni ya chumvi."

Hakufundishwa na mtu. Aliangalia, akakosea, akaangalia tena. Nilimvulia kofia mama yule, kwani mimi sijawahi kukipima kipimo changu.

Tukatikisa, tukangoja, tukatikisa tena. Kufikia saa saba, chumvi ya chupa mbili ilikuwa ikicheza huru. Kwenye chupa yangu ilikuwa imegandamana na kioo.

Saa kumi na moja nilirudi mpakani. Kabla ya kuvuka nikampigia simu Nekesa, mpishi wa shule.

"Kesho msitume gari," nikamwambia. "Mahindi yangu bado yana maji."

Akauliza, "Na yale ya kwanza, ulijua?"

"Sikujua. Nilitaka tu yawe makavu."

"Haya, yaanike. Tutakungoja."