Siku Nilipoishtaki Mizani ya Hospitali

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu wa Kharumwa hata mmoja, maana pale nanunua dhahabu, na mnunuzi akishaumbuliwa na mizani, jamani, nani atamletea tena hata punje? Lakini mmenibana, na binti yangu Minza mwenyewe huyo hapo keshaanza kucheka, basi sikilizeni.

Minza alikuwa na miaka tisa, figo zote mbili zimegoma, tukahamia chumba kimoja mjini ili asafishwe damu na mashine mara tatu kwa wiki. Siku ya kwanza nesi mkuu, Mama Anjela (mama mnene, sauti ya kwaya), akanikabidhi karatasi ya mwongozo: mtoto apimwe uzito kabla ya mashine na baada ya mashine, viazi vichemshwe maji yamwagwe, na chochote anachokunywa kipimwe, kisizidi vikombe viwili kwa siku. Nikaikariri kama sala (mimi Mkatoliki, kukariri nimezoea). Na msinishangae, zile siku nazikumbuka kwa hamu, sisi wazazi kwenye benchi la korido, sufuria moja ya viazi tunapokezana, mtoto wa mwenzio akiamka vizuri unafurahi utadhani wako.

Sasa Jumapili moja nikampeleka Minza kijijini kumsalimia mama yangu, naye bibi mtu, kwa upendo wake, akatoa kibuyu cha mtindi. Minza akaniangalia. Midomo imemkauka, wiki nzima anaramba vipande vya barafu, nami nikajisemea moyoni, karatasi inasema vinywaji, na kwetu sisi mtindi ni chakula, mtu ananywa anashiba analala. Nikamjazia bakuli. Akanywa amefumba macho, mimi nacheka, nikamwongeza, na tulipoondoka kibuyu tukakibeba, Jumatatu kutwa akakimaliza.

Jumanne asubuhi Minza akapanda mizani. Kilo mbili na nusu zimeongezeka!

"Baba Minza," akasema Mama Anjela, "mtoto amekunywa nini?"

"Vikombe viwili vya maji kwa siku, Sista, kama ulivyoagiza. Hiyo mizani yenu imechezewa."

Hilo neno, ndugu zangu, wachimbaji wa Mwakitolyo wananiambia mimi kila siku, na mimi huwa sibishani, naweka juu ya mizani jiwe ambalo uzito wake unajulikana, wanaona wenyewe, wananyamaza. Kwa hiyo nikadai jiwe. Mama Anjela akasema hapa tunapima watoto, mawe ya nini? Basi mimi huyo, nikavuka barabara mbio na koti langu jeusi la kanisani, nikanunua mfuko wa sembe wa kilo ishirini na tano, nikaubeba begani hadi kwenye korido, nikapaza sauti, "Wazazi wote njooni mshuhudie!" (Yaani niliwaita mwenyewe, kwa mdomo wangu.) Wakaja. Nikautupa mfuko juu ya mizani, mshono ukaachia, unga ukaruka puu, ukanipaka uso, koti, hadi kope. Korido nzima ikaangua kicheko. Na mizani, pamoja na unga wote ulionimwagikia, ikasoma ishirini na nne na kitu.

"Haya, Mzee wa mizani," akasema baba mmoja wa Ushirombo, "unga uliopungua si huo umeuvaa?"

Hapo hata mimi nikataka kucheka. Lakini nikageuka kumtafuta Minza nikamwona kwenye benchi, uso umevimba, anahema kwa mabega, hawezi hata kujilaza. Mama Anjela alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshamwekea oksijeni. Mimi nilikuwa nashindana na chuma, na maji yanamjaa mwanangu kifuani!

"Mtindi," nikasema. "Kibuyu kizima, Sista."

Hakunigombeza, bora angenigomba. Akanieleza polepole kwamba mtindi ni maji, uji ni maji, hata barafu ni maji, na kwamba mashine haiwezi kuyatoa yote kwa siku moja, presha itashuka, mtoto atakakamaa misuli. Ikabidi akae kwenye mashine saa nyingi kuliko kawaida, na kesho yake arudi tena. Mguu ulipomkaza nikaukanda kwa mikono yenye unga, nalia bila kujificha.

Miaka imepita, shangazi yake amempa figo moja, na sasa daktari anataka anywe maji mengi, mpaka namfuata na chupa anakimbia. Juzi nikamuuliza, ng'wanone, mwanangu, hivi wewe ulikuwa hujui mtindi ni maji?

"Nilijua, baba. Mama Anjela alishaniambia."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Ulikuwa unacheka. Tangu nianze kuumwa sikuwahi kukuona unacheka."

Nikatoka nje, nikajifanya nawafungia ng'ombe.

Basi nimeapa. Mchimbaji akija leo akasema mizani yangu imechezewa, simbishii wala simcheki, natoa jiwe langu taratibu. Ila mimi mwenyewe mizani sitaishtaki tena, mpaka niwe nimeuliza kwanza mkono wangu ulimpa nini mtoto.