Siku Niliyomwitia Anko Makomredi

Tulikuwa tumepanga mgomo shuleni juu ya maharagwe yenye wadudu walionenepa kutushinda. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuita watu, maana mdomo niko nao. Jumapili nikaenda kufanyia mazoezi kwa anko wangu, anayechonga mawe machimboni hapa Kitengela. Zamani alikuwa kiongozi wa wanafunzi chuo kikuu, kabla hajafukuzwa. Nikamnyemelea na tawi mkononi, kama wanavyoandamana wanafunzi wa chuo, nikapaza mwito wao.

"Makomredi!"

"Pawa!" Ngumi yake ilipanda juu kabla hajageuka. Kisha akatazama kando yake, kama anayengoja mwingine aitikie.

"Anko, unatafuta nani?"

"Yule tuliyelala naye chumba kimoja chuoni. Polisi walipoingia siku ya mgomo, aliinama nikanyage mgongo wake niruke ua. Nikaruka."

"Na yeye?"

"Sijamwona tena." Akaendelea kuchonga.

Jumatatu, kabla ya kuita, nilimsihi rafiki yangu wa deski abaki darasani.

"Kwani mimi ni mwoga?" akauliza.

Nilitoka, nikaufunga mlango. Nikaita, shule nzima ikaitikia. Mimi nilikuwa nautazama mlango wa darasa letu, nikiomba usifunguke.