Bi Khairiya na Toba ya Mama wa Kambo

Hapa kwetu Kibokoni hakuna aliyehitaji kuulizwa kama Jumatano imefika. Baada ya sala ya alasiri tulisikia redio, kisha tukasikia ugomvi wa Bi Khairiya na dadake, Bi Nana, ukishuka dirishani hadi njiani.

Wote wawili walidarizi kofia. Khairiya hakuwahi kuolewa. Nana aliolewa Lamu, akaachwa, akarudi Mombasa na sanduku lake moja, na tangu siku hiyo wakawa wanakula sahani moja. Uhuru ulipokaribia walinunua redio ya betri, ndipo wakakutana na Bi Salha.

Bi Salha alikuwa mama wa kambo katika mchezo wa redio. Alimtesa binti wa mumewe, akauza mikufu ambayo binti aliachiwa na mamake marehemu, akamfitini kwa mchumba wake. Mji mzima ulimchukia. Kina Khairiya hawakugombana juu ya uovu wake. Waligombana juu ya mwisho wake.

“Atatubu,” Khairiya alisema kila wiki, sindano mkononi. “Hukumsikia akilia peke yake jikoni? Mtu mbaya kabisa halii pasipo wa kumwona.”

“Alilia kwa hasira!” Nana alijibu. “Wewe, dadangu, wataka kila mtu awe mwema hadithi ikiisha. Salha akitubu, hadithi imekufa.”

“Na asipotubu, tutakuwa tumefunzwa nini?”

“Nani aliyewasha redio afunzwe? Chuoni nilikwenda, nikahitimu.”

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Majirani wengine waliketi barazani chini ya dirisha makusudi, maana mchezo wenyewe ulikuwa mfupi na ugomvi ulikuwa mrefu.

Masika yale Nana alishikwa na kifua. Aliugua kidogo tu, akafariki. Tukamzika, tukakaa matanga, wanawake wakapika na kusoma, kisha kila mtu akarudi kwake. Jumatano iliyofuata Khairiya aliwasha redio. Mchezo ulipomalizika aligeuka upande wa mkeka wa pili, akasema, “Umeona?” Alitusimulia mwenyewe. Alisema alikaa akingojea jibu kwa muda wa haja, kabla hajakumbuka.

Akamwita Mwanaesha, jirani wa ukuta kwa ukuta, wasikilize pamoja. Mwanaesha ni mtu mwema, alikuja na vitumbua.

“Mimi naona Salha atatubu,” Khairiya alimwambia.

“Kweli, bibi.”

“Au pengine hatatubu. Moyo wake ni jiwe.”

“Kweli kabisa, bibi.”

Khairiya akamtazama, akamimina chai, wala hakuuliza tena.

Kisha ikaja Jumatano ya toba. Bi Salha aliota ndoto ya kutisha, akaamka, akamwangukia binti miguuni, akamrudishia mikufu aliyokwenda kuikomboa. Vigelegele vilisikika nyumba hadi nyumba. Mwanaesha alipiga mlango akicheka: “Bibi, umeshinda! Si ulisema?”

Khairiya alikuwa ameketi karibu na redio iliyokwisha zimwa. Alisema kichwa chamuuma.

Asubuhi yake alijitanda buibui, akapita Makadara kwa miguu mpaka jengo la redio, akamwuliza bawabu ni nani aliyeutunga mchezo ule. Akaletwa kijana mwembamba, penseli sikioni. Jina lake Kamaludin.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyemtubisha Bi Salha?”

“Ni mimi.” Kijana alitabasamu. “Umefurahi, bibi?”

“Umekosea. Mikufu ile hakuiuza kwa dhiki. Mumewe alikuwa na mali. Aliiuza ili yule binti asibakiwe na cha kumkumbukia mamake. Mwanamke wa namna hiyo hageuzwi na ndoto moja.”

Kamaludin aliacha kutabasamu. “Watu walinisimamisha njiani, bibi. Wote walitaka atubu.”

“Hata mimi nilitaka. Tangu mwanzo nilisema atatubu.”

“Basi mbona…”

“Dadangu ndiye aliyesema hatatubu. Amefariki. Nimekuja kukwambia maneno yake, kwa kuwa yeye hawezi kuja.”

Kijana alimsogezea kiti. Alikuwa na adabu, lakini alikuwa pia mtunzi, na mtunzi huitetea kazi yake. “Lakini, bibi, kumbuka alilia jikoni, peke yake. Nilimliza makusudi. Mtu mbaya kabisa halii hivyo.”

“Alilia kwa hasira!” Khairiya alimkatiza, kwa sauti kali.

Baadaye alituambia kuwa ile haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya Nana, imetoka kinywani mwake, mbele ya mtu asiyemjua. Kila neno la kumjibu Nana alikuwa nalo tangu zamani, ila sasa lilikuwa kinywani mwa huyu kijana, naye hakumjua Nana hata kwa sura. Akashukuru, akainuka. Kamaludin alimsindikiza hadi mlangoni, akamwomba arudi siku yoyote amwambie makosa mengine. Alisema wasikilizaji humsifu tu, na sifa hazimfunzi kitu.

“Inshallah,” Khairiya alijibu. Hakurudi.

Mchezo uliisha kwa harusi. Ukaanza mwingine wa nahodha na mapacha wake, mtaa ukausifu. Khairiya aliusikiliza mara chache, kisha akampa Mwanaesha redio, kwa kuwa Mwanaesha ana watoto. Kofia aliendelea kudarizi, nzuri kama kawaida, ameketi peke yake karibu na ukuta ule wanaochangia na Mwanaesha. Alasiri za Jumatano sauti za redio humfikia, lakini maneno hayashikiki. Mwanaesha humwita aje asikilize vizuri. Naye hujibu kwamba hapo alipo panamtosha.