Nyumba Iliyonasa Witeithie

Watu wakiniuliza kwa nini sipendi mvua ya Aprili, huwa nawaambia ni mambo ya nguo kukataa kukauka. Uongo mtupu. Siipendi kwa sababu ya gari moja, na kwa sababu ya mume wangu, mtu mwenye kichwa kigumu kuliko jiwe la Ndarugo.

Gari lenyewe lilikuwa matatu kuukuu, zile za abiria thelathini na watatu, ambayo mwenyewe alichoka kuitengeneza akaiuza. Mume wangu akaing'oa viti vyote, akaipeleka kwa mafundi wa jua kali hapa Thika, na wao wakaifanya nyumba. Kitanda cha mbao ngumu, jiko la gesi, sinki, tangi la maji juu ya paa, madirisha yenye mapazia. Alikuwa ameona kwa simu Wazungu wanaoishi ndani ya magari, wanakunywa kahawa mlangoni asubuhi, na wazo likamkaa. Mafundi walipomaliza, sakafu aliweka mwenyewe, kwa sababu kazi yake ni kuweka taili. Ameweka taili katika nyumba nyingi za Membley, kule Ruiru, nyumba ambazo akishamaliza kazi askari wa geti hamruhusu tena kuingia. Mabaki ya taili za huko ndiyo aliyoleta akayabandika kwa simiti ndani ya gari.

"Ai, baba watoto," nikamwambia, "hili ni gari ama ni bafu?"

Akasema nyumba bila sakafu si nyumba. Akaendelea kupangusa.

Mtu asifikiri alikuwa anacheza. Yeye ni Mjaluo, mimi ni Mkikuyu wa Gatundu, na tangu tuoane tumeishi Makongeni, hapahapa Thika, katika nyumba ya kupanga. Kwao, mwanamume aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake. Ni mwiko, na hakuna mtu anayeuchezea. Lazima awe na kibanda chake ndani ya boma, wao hukiita simba, hata kiwe kidogo namna gani, bora kiwe na mlango wake. Mume wangu hakuwa nacho. Ni mtoto wa kiume wa pekee, babake alifariki yeye akiwa mdogo, na alitoka nyumbani kutafuta kazi kabla ya kujenga. Kila mwaka alisema atajenga. Si kibanda, hapana, nyumba ya mawe yenye taili, watu wajue kijana alikuwa Thika. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha. Akienda kumwona mama yake alifika asubuhi na kuondoka jioni, kama mtu wa kusoma mita. Safari moja wenzake aliokua nao walimcheka njiani, wakamwuliza kama nyumba yake ameibeba mfukoni. Hakurudi tena. Ikapita miaka sita.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya gari. Alitaka kuingia katika boma la mama yake akiwa na nyumba yake, aisimamishe hapo, alale ndani na mke wake kama mwanamume mwingine yeyote. Majirani wa Makongeni waliliita konokono. Mimi pia nililiita konokono. Yeye hakucheka hata siku moja.

Makongeni hapakuwa na mahali pa kuliweka, kwa hivyo alilipeleka Witeithie, kwenye ploti yetu. Hapo ndipo tulipojichimbia shimo. Hiyo ploti tuliinunua Januari. Watu wengi sana huku hununua ploti Januari, wakati ule udongo mweusi umekauka ukapasuka nyufa za kuingiza mkono, na lori linaweza kupita juu yake bila kuacha hata alama. Wauzaji wanajua vizuri. Wanakuleta na basi, wanakupa soda, unakanyagakanyaga chini na kusema hapa ni pagumu, msingi utakaa. Mvua ikija, udongo ni uleule lakini umekuwa uji, unakula kiatu na soksi. Mimi nimekulia kwenye udongo mwekundu wa majani chai, sikujua. Yeye amefanya kazi ya ujenzi maisha yake yote, na alijua. Alisema tu gari litatoka kabla ya mvua. Mvua ilianza, na gari lilikuwa palepale.

Alhamisi moja baba yake mdogo alipiga simu. Mama ni mgonjwa, amekataa chakula, na jina analotaja ni la mwanawe tu. Wakampa simu mama mwenyewe. Alizungumza na mume wangu Kijaluo, maneno machache, pumzi ikimkatika. Kisha akaomba mimi.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta, "mlete huyo mtu. Mimi nataka kuona uso."

"Tunakuja, mama."

"Kuja sasa."

Ijumaa asubuhi tulikuwa Witeithie na vitenge, dawa, unga wa wimbi wa kumpikia uji. Mume wangu akawasha injini, akaingiza gia. Gari lilitikisika, likanguruma, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Nilipiga kelele aache. Hakuacha. Alikanyaga mafuta mpaka moshi ukafunika ploti nzima, na aliposhuka, gari lilikuwa limekalia tumbo. Udongo ule ukishika gurudumu haubanduki. Unaongezeka tu, tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linakuwa bonge la ugali mweusi lisilokuwa na meno.

"Twende stejini," nikamwambia. "Kesho asubuhi tutakuwa kwa mama."

"Nitalala wapi?"

"Ngai! Utalala kwa nyasi! Mama anakufa na wewe unauliza kitanda?"

"Wewe hujui kwetu," akasema. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake la kila kitu. Nilinyamaza, na ninaona uchungu mpaka leo kwamba nilinyamaza.

Jumamosi tulichimba. Jirani wa ploti ya pili, mzee anayefuga ng'ombe wawili, alituletea mbao na jembe, akatuonyesha. Unachimba mbele ya gurudumu, mteremko wa kupanda polepole. Unaweka ubao chini ya jeki, la sivyo jeki yenyewe inazama. Unainua, unashindilia mawe chini ya gurudumu, unapunguza upepo ili tairi lilale lishike. Tulifanya hayo yote. Nilibeba mawe kwa karai mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mume wangu akawasha, gari likapanda mawe, likasimama juu yake kama linafikiri, likayazamisha yote. Mawe ya asubuhi nzima yakamezwa.

Yule mzee alizunguka gari mara mbili, akachungulia ndani. Aliona kitanda, sinki, ile sakafu inayong'aa.

"Kijana, toa hii nyumba ndani ya gari," akasema. "Hiyo simiti pekee ni uzito wa fahali. Toa kila kitu, gari litatoka."

Mume wangu alimshukuru kwa heshima, na hakutoa hata kijiko.

"Umesikia mzee?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Nikifika kwetu na bodi tupu, nimepeleka nini? Nimepeleka matatu."

Hebu fikiria. Nilitaka kumrushia jembe.

Jumapili baada ya kanisa walikuja wanaume saba na nguo zao nzuri, wakavua viatu, wakasukuma wakiimba. Walirudi nyumbani wakiwa weusi mpaka kwenye nyusi, na gari lilikuwa limezama zaidi. Baba mdogo alipiga simu mara mbili siku hiyo. Mara zote mbili aliuliza kama tumepita Nakuru. Mume wangu akasema tuko njiani. Tuko njiani! Nilimwangalia akisema hivyo, amesimama na tope mpaka magotini katika ploti yake mwenyewe, na nikamchukia. Nasema nilivyohisi. Niliolewa naye nikimpenda, nampenda hata sasa, lakini dakika ile nilimchukia kabisa.

Jumatatu akaja mtu wa trekta kutoka mashamba ya upande wa Juja. Huyo hakuwa na maneno mengi. Alifunga mnyororo, akavuta kidogo, akasikia chuma kikilia, akafungua mnyororo.

"Nikivuta hivi nitang'oa kila kitu huku mbele," akasema. "Toeni mzigo, navuta. Hamtoi, naenda zangu."

Mume wangu alibaki akiutazama ule mnyororo. Nilichukua nyundo na patasi kwenye mfuko wake wa kazi, nikaingia ndani, nikapiga taili ya kwanza karibu na mlango. Ilipasuka vipande vitatu. Nilingoja aje anishike mkono. Alikuja, akachukua ile nyundo taratibu, akapiga magoti, akaanza kuzitoa mwenyewe. Alikuwa anazitoa kwa ufundi, kutoka pembeni, kana kwamba mwenye nyumba ataziweka tena. Nikamwambia, "Vunja!" Akaanza kuvunja. Tukateremsha kitanda, jiko, sinki. Yule mzee wa ng'ombe akapanda juu akafungulia tangi, maji yakamwagika juu ya tope.

Simu ililia tukiwa katikati ya kazi hiyo. Mikono ya mume wangu ilikuwa imejaa simiti, kwa hivyo nikaipokea mimi. Baba mdogo alinisalimu kwanza, akauliza watoto. Watu wa heshima ni hivyo. Halafu akasema, "Mwambie mume wako asiendeshe kwa haraka. Haraka imeisha."

Sikuhitaji kumwambia. Aliniangalia uso akaketi chini, juu ya kile kitanda kilichokuwa nje kwenye matope.

Trekta ililitoa gari kwa dakika kumi hivi. Lilitoka laini tu, kama mtu anayeamka kitini. Yule mtu wa trekta hakujua kilichotokea, akapiga makofi na kusema, "Mmeona? Si niliwaambia?"

Tulikwenda na lile gari, kwa sababu mume wangu hakukubali kingine na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Bodi tupu, taili nusu zimebaki zimevunjika, kila tuta tulilopita vipande vikirukaruka nyuma yetu. Tulifika asubuhi. Baba mdogo alitupokea getini na fimbo yake. Alimkumbatia mume wangu kwa muda mrefu, wakalia wote wawili, kisha akaliangalia gari.

"Hilo libaki barabarani," akasema. "Nyumba haina magurudumu."

Mume wangu akaenda akafunga mlango wa gari.

"Lakini huwezi kumzika mama bila kuwa na mlango wako hapa," baba mdogo akaendelea, na akawaita vijana wa boma.

Akatembea hatua chache kutoka nyumba ya mama, akachoma fimbo chini. Hapo. Binamu zake wakachimba mashimo wakati wengine wanakata nguzo. Wale waliomcheka njiani miaka sita iliyopita walikuja na misumari na mabati ya zamani, na hakuna aliyemtania. Wanawake walichota maji, wakamwaga kwenye udongo, wakaanza kuukanyaga. Mmoja akanishika mkono na kunivuta ndani, nikakanyaga nao. Kuta zilikandikwa kabla ya jua kuwa kali. Mchana paa likapanda. Saa kumi mlango ulikuwa unafunguka na kufungwa, na nyumba ilikuwa na mwenyewe.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu, mke wa binamu, alikuwa ananawa miguu. Aliniuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia, "Hii ndiyo ilikuwa inawashinda miaka yote hiyo?"

Nilitaka kumwambia ni yeye, ni kichwa chake, ni mambo yake ya taili na mawe. Nimelisema hilo kwa dada zangu, kwa watu wa kanisa, na hapa pia nimelisema kurasa nzima. Lakini mume wangu alikuwa amesimama pale anasikia, na hakugeuka, na hakunitaja. Mwaka tuliooana alinijia na mchoro wa kibanda cha udongo, chumba kimoja na mlango unaotazama nyumba ya mama yake. Alisema itachukua siku moja. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba sitalala ndani ya matope, kwamba akitaka kunipeleka kwao ajenge nyumba ya mawe, na sakafu iwe ya taili.