Vunjajungu Shingoni mwa Mkwe

Nitaanza na aibu yenyewe, msije mkasema nimeificha. Siku ya koito ya binti yangu Chebet, siku ambayo watu wa mvulana wanakuja nyumbani kwa msichana kuomba na kuzungumza habari ya ng'ombe, mimi mwenye boma nilimvisha baba ya mvulana shada lenye mayai ya wadudu, na mayai yakaanguliwa shingoni mwake akiwa ameketi mbele ya watu wote. Kuanzia hapa kwetu mpaka Sotik watu wanaijua hii habari, lakini wanaisimulia vibaya, wengine wanasema walikuwa nyoka, kwa hivyo naandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Mimi si mtu wa kusoma. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, nikaenda kuchuma chai kwa mashamba ya watu, na leo nina chai yangu, ng'ombe wangu wa maziwa na nyumba ya mawe ambayo hakuna mtu alinichangia hata msumari. Sisemi hivyo kwa kujisifu (sawa, ni kujisifu kidogo), ni mjue tu kwamba mtu wa aina hii hapendi kuambiwa amekosea.

Sasa vinyonga. Najua watu wetu wanawaogopa, wakimwona mmoja kwa ua wanazunguka njia nyingine. Mimi nilianza kuwapenda wakati goti langu lilipokataa kupanda mlima, daktari akaniambia nikae, nikakaa kwa veranda nikimtazama mmoja akipiga nzi kwa ulimi siku nzima na hakosi. Nilimheshimu. Anafanya kazi yake bila kelele. Chebet, ambaye ameajiriwa Kericho mjini, akanifuatilia kibali (kipo, kimetundikwa ukutani, msiniulize), nikajenga kibanda cha wavu nyuma ya zizi la ndama, na mpaka leo nakaa nao. Mke wangu, Mama Chebet, hajawahi kuingia pale. Ananiletea chai mpaka mwisho wa zizi, anaita, anaweka kikombe juu ya jiwe, anarudi.

Mwaka huu yule wa kike akazaa. Hawa wetu wa milimani hawatagi mayai, wanazaa, na mtoto mwenyewe anatosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Mtoto kama huyo hawezi kumeza panzi. Anataka kitu kidogo kama mbu, kinachotembea, na ilikuwa ile miezi ya baridi, mvua ya mawe kila jioni, hata nzi hawaonekani. Ndipo nikafikiria vunjajungu, yule mdudu wa kijani anayesimama ameinua mikono kama mtu wa maombi. Yeye hutaga mayai ndani ya povu, povu linakaukia kwa kijiti linakuwa kama kipande cha mkate wa kahawia, na siku likianguliwa wanatoka watoto wengi mno, wembamba kama uzi. Nikazunguka ua wote na miti iliyo kando ya chai, nikakata vijiti vyenye mapovu, nikaviweka kibandani nikangoja. Nikangoja sana. Hakuna kitu. Baridi ilikuwa imeyashika, na watoto wa kinyonga walikuwa wanazidi kuwa wembamba.

Ikafika jioni ya kuamkia koito. Kazi ya kukata sinendet niliichukua mwenyewe. Sinendet ni mmea wetu wa kutambaa, tunausokota shada tukamvisha mtu wa heshima, na si kila mtu anajua mahali unapomea. Mimi najua, kando ya mto. Nikaleta mzigo mzima, nikaufunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji usinyauke, nikauweka jikoni, karibu na moto lakini si karibu sana. Halafu nikaliangalia lile gunia nikaona hapa kuna unyevu, na hapa kuna joto, sasa mayai yanataka nini kingine? Nikaenda nikachukua vile vijiti, nikavichomeka katikati ya sinendet. Mama Chebet akaniuliza ni nini hiyo ninatia kwa mambo ya mtoto wake. Nikamwambia ni shughuli yangu, asubuhi nitatoa.

(Hilo neno, asubuhi nitatoa, ningekuwa na uwezo ningelimeza tena.)

Asubuhi tenti ikaletwa na mtu ambaye hajui kusimamisha tenti, nikaenda kumwonyesha, halafu mwenye viti akapotea njia akaenda kuvishusha kwa jirani, halafu ng'ombe mmoja akaingia kwa chai, na nilipokuja kukumbuka jikoni, gunia lilikuwa tupu na dada yangu Tapkigen alikuwa amemaliza kusokota. Mashada yalikuwa yamepangwa juu ya meza, mazuri kweli. Nikamuuliza vijiti viko wapi. Akasema vijiti gani, kila kitu alichokuta ndani ya gunia amesokota, na lile kubwa la mkwe amelizungushia zile mbegu za kahawia maana zimelipendeza.

Ningesema pale pale. Nilikuwa na dada yangu tu na sufuria. Lakini kusema ingekuwa kufumua shada, kufumua ingekuwa kueleza, na magari ya wageni kutoka Londiani yalikuwa yameanza kupiga honi langoni. Tena nikajiambia yale mayai yameshakufa kwa baridi, na mayai yaliyokufa yatamfanya nini mtu. Nikalibeba shada mimi mwenyewe.

Niwaambie habari ya Arap Tonui, baba ya mvulana. Ni mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, hacheki ovyo, na tulikuwa tumesikia kwamba hii safari hakuitaka, kulikuwa na msichana mwingine wa kanisa lao aliyempangia kijana wake, na kijana akakataa, akasema ni Chebet au hakuna. Kwa hivyo mzee alikuja na macho ya mtu anayetafuta ufa ukutani. Chebet alijua. Wiki hiyo alikuwa ameniambia, "Baba, tafadhali, usimpe sababu." Nikamwambia mimi si mtoto.

Nikamvisha. Akina mama wakaimba. Na kwetu hapa, aliyevishwa sinendet siku ya koito haivui mpaka maneno yaishe. Akiivua katikati, amesema hapana. Na mimi niliyemvisha nikimvua, nimemnyima binti. Hilo hakuna mtu pale alihitaji kuelezwa.

Maombi yakafanywa, maziwa ya mursik yakapita, mazungumzo yakaanza vizuri, na jua, ambalo tulikuwa tumelisahau, likatoka. Ile tenti ya plastiki ikawa kama tanuri. Arap Tonui alikuwa na koti zito na sweta ndani yake. Nilikuwa namwangalia usoni kwa sababu tulikuwa tumefika kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe mimi huangalia uso, ndipo nikaona chini ya kidevu chake ile mbegu ya Tapkigen inaota nywele.

Hazikuwa nywele. Walikuwa wanatoka, wakining'inia mmoja chini ya mwingine, halafu kila mmoja ananyoosha miguu, anajishika kwa sweta, anaanza kutembea. Halafu ile ya pili ikafunguka. Ya nyuma nilijua imefunguka nilipoona mkono wake ukienda kisogoni.

Kwanza alidhani ni jasho. Akajifuta kwa kitambaa, akakiangalia kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Wakapanda mashavuni, wakazunguka masikio, mmoja akasimama juu ya miwani yake ameinua mikono, na mzee ameketi wima, mikono juu ya magoti, kwa sababu akivua amekataa, na kukataa alikuwa bado hajaamua. Mimi nami nimeketi mbele yake, wima vile vile, kana kwamba sioni. Msemaji wao, ndugu yake mdogo, alikuwa anaeleza habari ya mtamba fulani, akageuka kuomba ushauri, akaona uso wa ndugu yake unatembea.

Akaacha kusema.

Shangazi mmoja wa upande wao akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia sote, kwamba sinendet ya baraka haitoi wadudu. Msemaji akaniuliza hii ni nini. Na mimi, mtu mzima, nikajibu ni wadudu wa msituni tu, sinendet ya mtoni huwa nao. Akauliza mbona mashada mengine hayana. Nikasema labda yatakuwa nao. (Hilo jibu wananirudishia mpaka leo pale kituo cha kununulia chai. Nikiuliza kama lori lina nafasi, wananiambia labda litakuwa nayo.)

Msemaji akakunja mikono. "Wazee," akasema polepole, "hii kazi tuiachie hapa. Tutarudi siku nyingine."

Nyinyi mnajua siku nyingine ya koito ni siku gani. Haiko kwa kalenda. Nikamtazama Chebet pale alipoketi na wenzake. Hakulia, wala hakunikazia macho. Alikuwa ameinama, anakunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja tena. Hilo lilinishinda. Nikasimama.

"Ni wangu," nikasema.

Arap Tonui akainua kichwa. "Nini ni yako?"

"Hao wadudu. Mayai niliyatafuta mimi, nikayapasha joto ndani ya gunia la sinendet, nikasahau kuyatoa. Ni chakula."

"Chakula cha nani?"

Hapo nilitamani goti liniangushe. "Cha vinyonga. Nafuga vinyonga. Wamezaa."

Kule nyuma kiti kikaanguka. Yule shangazi akahamia upande wa pili wa tenti, kama vile vinyonga wako mfukoni mwangu. Mama Chebet akajifunika uso kwa leso. Lakini Arap Tonui hakusogea. Akaniuliza wanakula nini kingine. Nikasema nzi, lakini mwaka huu hakuna nzi. Akasema ni kweli, hata Londiani hakuna. Halafu akageuka kwenye kiti, mmoja wa wale wadudu akimtembelea kwa nyusi.

"Mimi nilikuja hapa nikitafuta sababu," akawaambia watu wake. "Nimeipata. Lakini si ya msichana, ni ya baba yake. Na baba yake hahamii kwangu."

Wakacheka kwanza watu wao, ndipo wetu wakathubutu. Msemaji, ambaye hapotezi nafasi, akasema basi mzee alipwe uvumilivu wake, wakapunguza ng'ombe mmoja kwa wale tuliokuwa tumekubaliana, wakamwita ng'ombe wa shingo. Mimi, ambaye kwa mnada watu wananikwepa kwa jinsi ninavyovuta bei, nilisema sawa. Tapkigen anasema hajawahi kunisikia nikisema sawa haraka namna hiyo.

Maneno yalipoisha, Arap Tonui akalivua lile shada taratibu, akaja mpaka nilipokuwa, akaniwekea mikononi.

"Shika, mzee. Hiki chakula ni cha watoto wako," akasema, kisha akaelekeza kidevu upande wa Chebet. "Huyu tumemchukua sisi."

Nikalipeleka shada kibandani huku wageni wakinitazama, nikapita katikati yao kama mtu aliyebeba bomu. Watoto wa kinyonga walikula mpaka jioni. Hiyo ndiyo habari yote, na hakukuwa na nyoka. Nina mabinti wengine ambao siku yao inakuja. Sinendet itakatwa na mtu mwingine, jikoni sitaingia, na nitaketi kwa kile kiti Mama Chebet atakachonionyesha, ninyamaze, mpaka wageni waondoke.