Mwanamke Aliyemtunga Nyakidi wa Buteba

King'ora cha jineri, kiwanda cha pamba, hakijalia bado, lakini Edah Aboth ameshakaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, na rundo la pamba limempita kichwa. Anachukua konzi moja, anaichambua, anatupa. Pamba safi kulia. Fifi, ile yenye madoa na wadudu, kushoto. Kufikia saa mbili asubuhi vumbi la pamba limemjaa kwenye nyusi, na ukimtazama haraka utadhani ni bibi kizee.

Wanawake kama thelathini wamekaa naye kwenye banda hili nje kidogo ya Nagongera. Mmoja anamwomba awape hadithi, kazi ipate kusogea. Edah anatikisa kichwa bila kuinua macho. Tangu mwaka juzi hasimulii tena, na sababu wanaijua wote.

Huyu ndiye mtunzi wa *Nchi Chini ya Jiwe*, kitabu kilichopigwa chapa Kisumu mwaka 1964 na kuuzwa kwenye magulio kuanzia Malaba hadi Mumias. Nakala elfu moja ziliisha kwa miezi mitano. Edah alipata shilingi mia mbili, akaezeka nyumba kwa mabati, na kesho yake akarudi kwenye pamba, kwa shilingi mbili na senti hamsini kwa siku. Mpaka leo, mwezi huu wa Februari 1967, ujira ni uleule.

Alizaliwa Kirewa miaka arobaini na miwili iliyopita. Baba yake alikuwa fundi wa reli Kisumu, na huko kwenye nyumba za reli ndiko Edah alikojifunza Kiswahili na kusoma hadi darasa la sita. Akaozwa Buteba kwa mkulima mmoja aitwaye Rasto. Miaka saba ikapita bila mtoto. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, mama wa fulani. Edah aliitwa Edah tu.

Mwaka wa nane Rasto alimrudisha kwa baba yake na kudai ng'ombe wake wa mahari.

"Tulipishana njiani," anasema, na hacheki. "Mimi narudi kwetu, ng'ombe wanarudi kwao. Wao walipokelewa vizuri kuliko mimi."

Hadithi yenyewe ilianzia hapa bandani. Ili mikono isichoke, Edah alianza kuwasimulia wenzake habari za mwanamke aliyefukuzwa kwa mumewe, akaegemea jiwe kulia, na jiwe likamfungukia. Chini yake kuna nchi ambako mvua hunyesha kwenda juu na samaki huchunga ng'ombe. Mtawala wake ni Nyakidi, yaani binti wa jiwe. Mwanamke tasa akimwachia Nyakidi kivuli chake, Nyakidi humpa mtoto. Wachambuzi waliipenda hadithi hiyo mpaka msimamizi akalalamika kwamba fifi inaingia kwenye safi. Edah akaiandika usiku baada ya usiku kwa msimu mzima, akampelekea mpiga chapa.

Kosa lake, kama ni kosa, alilifanya ukurasa wa kwanza. Alieleza jiwe lilipo: ukitoka soko la Buteba, ukivuka kijito, mkono wa kushoto. Jiwe hilo lipo kweli. Lipo kwenye mpaka wa shamba la Rasto, na ndipo Edah alipokuwa akitua kuni zake enzi za ndoa, alie kidogo asionekane, kisha ajifute uso aende kupika.

Mtu wa mjini angecheka na kufunua ukurasa wa pili. Lakini vijijini kitabu hiki hakikusomwa, kilisomewa watu. Mmoja anayejua kusoma huketi barazani na ishirini wakamsikiliza. Na watu hao vitabu walivyowahi kusomewa ni Biblia na tenzi za kanisani. Kwao, neno likishapigwa chapa limeshakuwa kweli. Mwaka haujaisha, kuku wa kwanza alikutwa amefungwa mguu kando ya lile jiwe.

Leo kuna ua wa matete na mlango. Mlinzi wa mlango ni Rasto.

Mwandishi wa makala hii alimtembelea. Rasto ni mtu mcheshi, mkarimu wa chai, na hana la kuficha. Alieleza kwamba yeye hadai kitu kwa mtu, anafagia tu mahali pa heshima.

"Kuku naletwa kwa jiwe," alisema. "Jiwe hapana na meno. Sasa ioze?"

Kuhusu Edah alisema ni mwanamke mzuri ambaye Mungu alimnyima uzazi, na kwamba hana kinyongo naye. Wake wawili aliowaoa baada ya Edah walileta chai na mihogo. Ndoa ya kwanza kati ya hizo ina miaka kumi na mitatu, ya pili ina tisa. Hakuna mtoto aliyechungulia mlangoni, wala aliyelia nyuma ya nyumba. Buteba nzima inaliona hilo na haijamuuliza Rasto chochote, kwa kuwa tasa, kama ujuavyo, ni mwanamke.

Edah alipopata habari za ule ua, alicheka, kisha akakosa usingizi. Mchungaji wake naye akapata habari. Akamzuia kwenye meza ya Bwana kwa kuanzisha mzimu, na kumwambia asimame mbele ya watu akanushe. Januari mwaka jana Edah alisimama. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwamba Nyakidi hayupo na hajawahi kuwapo, kwamba alimtunga mwenyewe akichambua pamba.

Jumapili hiyohiyo jioni watu waliongezeka jiweni. Walisema Nyakidi ana wivu na amemfunga mtumishi wake kinywa. Wengine walisema mtu hawezi kubuni kitu kilicho na mahali pake, kijito chake na mkono wake wa kushoto.

Siku hizi sokoni wanamwita Mama Nyakidi. Mara ya kwanza alidhani anaitwa mtu mwingine. Mara ya pili aliitika, na hilo la kuitika ndilo linalomuuma mpaka leo.

"Nilitaka wasomaji," anasema. "Nimepata waumini. Msomaji ukimwambia umetunga, anakusifu. Muumini anakuhurumia."

Alijaribu kuachana na jambo hili kwa njia anayoijua, yaani kuandika kingine. Aliandika kisa cha mji wenye miguu, ambao kila kukicha wakazi wake huamka katika nchi nyingine na kuanza upya kutafuta maji. Alikiandika kwa misimu miwili, na anakiri kwamba ndiyo kazi yake bora. Mpiga chapa alikirudisha. Alisema huo mji hauna Nyakidi, na bila Nyakidi hatanunua mtu. Edah aliuweka mswada juu ya kabati, chini ya sufuria kubwa. Hapendi kuuzungumzia.

Angeweza kuishi hivyo, akameza uchungu wake kama wengi wanavyomeza. Lakini kuna Metrine.

Metrine si jina lake. Ni mchambuzi mwenzake, mwanamke wa upande wa Kenya aliyeolewa karibu na Buteba miaka mitano iliyopita. Hajapata mtoto. Wazee wa mumewe watakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kuamua kama arudishwe kwao, na uamuzi wanaujua kabla ya pombe kumiminwa. Edah alimpeleka mwenyewe kwa daktari mjini Tororo. Daktari alimpima akasema hakuona kasoro, akaagiza mume naye aje. Mume alikataa. Alisema mwanamume hapimwi kama maziwa.

Badala yake Metrine alipeleka kuku wawili jiweni, kisha mbuzi. Edah alimfuata njiani na kumshika mkono. Akamweleza tena yote: banda hili, rundo hili la pamba, siku aliyolitunga jina hilo na nani alikuwa ameketi kulia kwake. Metrine alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Wewe naandika tu, mama," alimwambia. "Yeye likuwako."

Akaenda, Edah akabaki amesimama njiani.

"Yule ni mimi," Edah anasema. Hapo anaacha kuchambua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake inatulia. "Anatembea njia yangu, hatua kwa hatua. Na anayempokea kuku ni mtu yuleyule aliyenifukuza. Mimi ndiye niliyemjengea mlango. Sasa kama ukweli wangu hawautaki, nitawapa uongo mwingine."

Amekwisha kuuandika. Ni kitabu cha pili cha Nyakidi, kile alichoapa hatakiandika kamwe. Anajua mchungaji atamzuia tena meza ya Bwana. Anajua pia kwamba akishakitoa, hakuna mtu atakayemhesabu kuwa mtunzi. Atakuwa mganga tu mwenye kalamu. Analisema hili kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulilia.

Shida ni moja. Mpiga chapa amefurahi sana, ila hawezi kukitoa kabla ya Pasaka. Wazee wa Buteba hawatangoja Pasaka.

Kwa hiyo ana ombi. Gazeti hili hufika Buteba Jumatano kwa basi, na mwenye duka hulisomea watu barazani. Ameomba maneno ya ukurasa wa kwanza yapigwe chapa humu. Mwandishi alimweleza kwamba makala hii itasema pia, tena waziwazi, kwamba Nyakidi ni wa kutungwa.

"Sema," alijibu, akivuta rundo jingine la pamba. "Hapo watakuwa wanapiga soga. Watanyamaza Nyakidi akianza kusema."

Mhariri alisita, kisha akakubali. Maneno yenyewe ni haya:

"Mimi Nyakidi nimechoka na kuku wa wanawake. Kuanzia leo sipokei kitu mkononi mwa mwanamke, wala sikichukui kivuli chake. Mume na aje mwenyewe. Na kabla hajaja kwangu, apitie kwanza kwa daktari Tororo apimwe, aseme ni mimi niliyemtuma. Nawe unayelinda mlango wangu, Rasto, tangulia."