Kaijage Hafungi Kipete

Ukifika Murongo ukauliza nani bingwa wa samaki, utaelekezwa kwa Kaijage, na atakayekuelekeza ni Kaijage mwenyewe. Anauza mitumba karibu na kijiwe cha bodaboda, mashati huku, suruali kule, na katikati amesimamisha fimbo yake ya kuvulia yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, aliyoinunua upande wa Uganda. Mteja akiuliza bei ya koti, anapewa kwanza habari za samaki. "Mimi ni mtu wa ziwani," anasema. "Muleba." Ni kweli katoka Muleba, lakini Muleba ya juu mlimani, kwenye migomba, ambako ziwa walilitazama kwa mbali kama mali ya jirani. Samaki wa kwanza kumshika kwa mikono yake alikuwa ameshakaangwa.

Kaijage havui kwa minyoo. Minyoo, anasema, ni ya watoto. Yeye anavua kwa chuma: anachukua kijiko, anakata mpini, anatoboa tundu huku na huku, upande mmoja anatia ndoana, upande wa pili mshipi. Kikivutwa majini kinazunguka na kumeremeta, na kambare mwenye njaa anakidhania kisamaki. Hapo hajakosea. Alikokosea ni kule alikovitoa vijiko.

Vilikuwa vya mkewe, Joviana. Aliachiwa na marehemu mama yake, Therese, ambaye alivipiga vyote alama ya msalaba mdogo kwa msumari ili visipotelee kwenye misiba na harusi za watu. Joviana alivifunga kitambaani akaviweka kabatini, vimngoje Jovitha, binti yao, aolewe navyo. Siku aliyofungua kile kitambaa alikuta kijiko kimoja tu, nacho kimeshakatwa mpini. Vingine vyote vilikuwa ndani ya mto Kagera.

Vilifikaje huko? Kwa kiburi tu. Kijiko kikizunguka, mshipi nao unasokoteka, unajikunja, unafanya mafundo, na ukivutwa kwa nguvu unakatika. Dawa yake inajulikana na kila mtu pale mtoni: kipete, kidude cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye macho mawili, na kila jicho linazunguka peke yake. Jicho moja unafunga mshipi, la pili unafunga kijiko. Kijiko kicheze kinavyotaka, mshipi umetulia. Hagenimana, kibarua wa mashamba ya Isingiro anayekuja kuvua Jumapili baada ya misa, alimshauri hivyo mbele ya watu, na hilo la mbele ya watu ndilo lililoharibu.

"Hizo ni hereni," Kaijage alimjibu. "Samaki akiona hereni anajua kuna mtu. Sisi wa ziwani tunafunga uzi kwenye chuma, basi."

Watu walicheka, naye tangu siku hiyo akawa mtu asiyefunga kipete. Vijiko vya mama mkwe vikaendelea kuzama.

Joviana hakupiga kelele. Alilia, akajifuta, akafikiria kukificha kile kilichobaki. Lakini mumewe alikuwa ameshawatangazia watu wa posa ya Jovitha kwamba watakula samaki wa mkono wake, na vijiko vya dukani siku hizi ni vyepesi mno, vinapeperushwa na mkondo kama jani. Basi akavuka mpaka, akanunua kipete, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Waitu, baba Jovitha," alimbembeleza, "nenda ukavue. Ila funga hiki. Kijiko kirudi, hata kama hakina mpini. Kina alama ya mama. Nataka mtoto aondoke nacho."

"Kitarudi," alisema Kaijage, na alipokuwa akisema aliamini kabisa.

Asubuhi ya siku ya wageni aliwahi mtoni, akatafuta mahali penye mafunjo marefu, akatazama kulia, akatazama kushoto kama mwizi wa kuku, akafunga kipete. Akatupa. Mshipi ulikuja umenyooka vizuri, hauna hata kikunjo. Haukupita muda, kambare wa kutosha familia nzima akakidaka kijiko. Kaijage alipiga ukelele uliowatoa madereva wa bodaboda kwenye kivuli, na Hagenimana akaja nyuma yao.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kipete kinaonekana. Aliwapa mgongo, akakata mshipi kwa meno, akakichomoa kipete na kukikanyagia matopeni kwa kisigino, huku akijifanya anahangaika na samaki.

"Umefunga hereni leo?" Hagenimana aliuliza.

"Mimi? Uzi kwenye chuma!"

"Hebu tuone tena."

Angeweza kusema amechoka. Angeweza kusema wageni wanamngoja, na ingekuwa kweli tupu. Samaki alikuwa naye, kijiko kilikuwa naye, na nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyeomba kitu kimoja tu. Lakini madereva walikuwa wanatazama. Akafunga uzi kwenye chuma, akatupa mara moja, mara nyingine, na mara nyingine tena. Mshipi ukajikunja, akauvuta, ukakatika. Hagenimana akaondoka.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba kijiko kimechukuliwa na maji. Joviana akampokea samaki, akaanza kumpasua.

Wageni walikula wakasifu. Byarugaba, baba wa kijana anayeoa, alisukuma sahani na kuuliza, "Mkwe, samaki kama huyu unampataje?" Kaijage akaeleza mto, mkondo, na jinsi wengine wanavyohangaika na hereni. Alikuwa bado anaeleza Joviana alipoweka chini sufuria.

"Jovitha mwanangu," alisema, na sauti yake haikupanda. "Vijiko vya bibi yako viko mtoni. Hata kile cha mwisho. Muulize baba yako alikifungaje."

Jovitha alimgeukia baba yake machozi yakimlengalenga, akingoja neno moja tu la samahani, hata la chini chini. Kaijage aliliona hilo. Alikohoa. Kisha akachomoa uzi kwenye pindo la kitambaa cha meza, kile alichokidarizi mkewe, akaazima kijiko cha Byarugaba, akanyoosha mikono ili wageni wote waone vizuri.

"Unaanza hivi," alisema. "Unapitisha mara mbili, halafu unakaza."